Franga za Karatasi Hazijakufa

Solange anauza ndagala, dagaa wa ziwani, katika soko la Baraka. Asubuhi ile alikuwa akizipanga mezani, lakini mawazo yake yalikuwa hospitali. Binti yake Ketsia alikuwa na mimba ya kwanza. Daktari alisema mtoto amekaa vibaya tumboni, lazima wampasue mama. Pesa za kazi hiyo zilikuwa katika simu ya Solange. Alikuwa ameziweka humo kidogo kidogo.

Mwanamume aliyevaa kravati shingoni alisimama mbele yake.

"Mama, haukusikia? Banki Kuu inaondoa franga za karatasi. Kule visiwani bamekwisha kufanya vile. Pesa yenye haitaandikishwa leo itakufa."

"Hata ile yenye iko mu simu?"

"Hata ile. Unipe namba yako ya simu na namba ya siri, mi nikuandikishe."

Mawazo ya Solange yakarudi hospitali. Alimwona Ketsia kitandani, hana wa kumpasua. Akazitaja namba zote mbili. Mtu yule akaondoka upesi.

Hapo woga mwingine ukamwingia. Mbona hakuniuliza hata jina? Aliwaachia majirani ndagala zake, akakimbia kwa Florentine, mwenye kabine ya kutuma na kupokea pesa kwa simu.

"Mama Ketsia, iko nini? Mbona unakimbia?"

Solange akaeleza. Florentine hakungoja amalize.

"Badirisha namba ya siri sasa hivi! Mi nitakuambia pa kufinya ku simu. Lakini namba mupya usinionyeshe. Hata mimi!"

Vidole vya Solange vilikosea. Akajaribu tena, ikakubali. Papo hapo ujumbe wenye namba ukaingia, na simu ikalia. Alikuwa mtu yule.

"Mama, namba yenye imeingia sasa, unisomee haraka!"

Florentine alitikisa kichwa. "Usimusomee. Anajaribu kufungua akonti yako ku simu yake, na ile namba ndiyo mulango wa kuingilia mu pesa yako."

Solange akakata simu. Akaangalia akiba yake. Yote ilikuwepo. Akakaa chini, akaihesabu tena.

Florentine akapigia kampuni ya simu, akawapa namba ambayo yule mwizi alipigia.

"Lakini ile habari ya visiwa ni bongo, ni uongo tu?" Solange aliuliza.

"Kuna ukweli ndani. Kule Bahama kisiwa kiko mbali na kingine, kufika banki ni shida. Banki Kuu yabo ikaanzisha pesa ya mu simu. Lakini noti zabo zinatumika bado. Siku serikali yetu itataka vile, itatangazia bantu bote ku radio. Haiwezi kutuma muntu sokoni kukuuliza siri yako. Ukisikia habari kama ile, ulize kwanza."

Siku chache baadaye uchungu ulimshika Ketsia. Hospitalini, mkwe wake Solange, Dany, alikuja mbio.

"Mama, banangoja malipo! Unipe simu na namba ya siri, nikulipie haraka."

Solange aliogopa kuliko siku ile ya sokoni. Lakini simu hakuiachia.

"Unitajie namba ya hospitali, mwanangu. Kufinya, nitafinya mwenyewe."

Akageukia ukuta, akafinya polepole. Malipo yakapita. Wauguzi wakamsukuma Ketsia ndani, mlango ukafungwa.

Ulipofunguliwa tena, muuguzi alikuwa amebeba mtoto wa kike, anayelia kwa sauti kubwa.

"Na mama yake?" Solange aliuliza.

"Iko muzima. Anakuulizia weye."