Ndege Akiitika, Zima

Mjomba wangu huongoza wageni wanaokuja hifadhini kutazama ndege, nami ndiye dereva wake. Husema ni udugu tu unaomfanya avumilie uendeshaji wangu. Siku ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua la alasiri, na kiti cha nyuma mwalimu mstaafu, darubini shingoni, hamu yake moja tu: kumwona ndege wa kinamasini aliyemkosa maisha yake yote.

Ndege huyo mwoga, haonekani mpaka aitwe. Waongozaji hupiga mlio wake kwenye simu, naye hudhani mwenzake kamwingilia eneo lake, akajibu. Hapo wana mwiko mmoja: akiitika, zima. Ukiendelea, atakufuata mpaka ayasahau makinda yake.

Mlio uliokuwa kwenye simu ya mjomba alikuwa ameurekodi rafiki yake wa kazini, tuliyemwita Mluzi. Mvua zilizopita, Mluzi aliingia kwenye matete ya kinamasi kile na hakutoka. Watu walimtafuta hadi wakachoka. Mwisho wa ile rekodi anasikika akikohoa kidogo. Mjomba hakutaka kukikata kile kikohozi. Nilijua kwa nini.

Tulisimama kando ya kinamasi. Mjomba akashuka, akapiga. Mlio, kikohozi, kimya.

Kisha matete yakajibu. Mlio. Na kikohozi.

"Mwangwi tu huo," mwalimu alinong'ona, lakini alikuwa ameishusha darubini.

"Zima, mjomba," nikasema.

Hakuzima. Akapiga tena. Nilimtazama usoni, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana alikuwa anatabasamu. Jibu likaja karibu zaidi. Akapiga tena. Karibu zaidi. Vyura walikuwa wamenyamaza. Hakuna tete hata moja lililotikisika.

"Hajafa, mpwa wangu," alisema taratibu. "Si unamsikia?"

Akaingia majini na viatu vyake.

"Mjomba, rudi! Rudi nyumbani!"

Nilimkimbilia. Maji yakanifika kiunoni. Nikamkamata mkanda, na mwalimu wa watu, pamoja na uzee wake, akanikamata mimi. Tulimvuta. Simu ilimponyoka, ikazama, ikaendelea kulia huko chini kwa muda, kisha ikanyamaza.

Mjomba akapona. Anakula, ananitania, analala vizuri. Ila viatu vyake nilivianika juani, havikukauka. Nikaviweka jikoni karibu na jiko, wapi. Nyumba yetu ya wafanyakazi imepakana na kinamasi, kwa hiyo nilifunga madirisha mapema na kutega sikio kila jioni. Kikohozi hakikusikika tena. Nikaanza kushusha pumzi.

Jana jioni tulikuwa mezani, tunatazamana, sahani katikati yetu. Jua lilikuwa bado halijazama. Kutoka kwenye matete, sauti ikaita. Haikuwa ya ndege. Wala haikuwa ya Mluzi.

"Mjomba, rudi. Rudi nyumbani."

Ilikuwa sauti yangu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nimefumba mdomo.

Nikamshika mkono. "Mjomba, mimi niko hapa."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi. Akautoa mkono wangu polepole. Kisha akaenda jikoni, na nikasikia maji yakichuruzika sakafuni alipokuwa anavaa viatu.