Marehemu Yuko Mtandaoni

Kitendawili! Wawili wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Kila mmoja amefungwa kitambaa asione mwenzake anatupa nini. Mmoja tumeshamzika, na bado upande wake mchele unazidi kupungua. Ni nini?

Usinipe mji, mapema mno. Kaa hapo usikie.

Simu iliita ndani ya Noah nyeupe iliyoegeshwa mkabala na ofisi za utafiti wa dawa.

"Ungo upo?"

"Upo magotini."

"Chambua."

Ikakatika.

Binti aliyekuwa ndani ya gari alijulikana kwa jina moja tu kwenye Idara ya upelelezi: Siafu. Mdogo wa umbo, na akiuma haachii mpaka umng'oe kichwa. Alifunua kompyuta, akaandika jina la dada yake. Nywila ikatakiwa. Akaandika jina la mbuzi wao wa utotoni, yule mkorofi aliyekula sare ya shule ikiwa kambani. Dada mtu hakuwahi kuwa na nywila nyingine maishani.

Programu ikafunguka.

Ilikuwa programu ya kuchuja makala za sayansi. Unaipa jina la dawa, inakukusanyia kila kilichoandikwa kuhusu dawa hiyo, inaondoa zilizojirudia, kisha wasomaji wawili wanazipitia moja moja, kila mtu na kompyuta yake. Chukua. Tupa. Sina hakika. Vitufe ni hivyo tu. Na ili wasiambukizane mawazo, programu inawafunga kitambaa: hujui mwenzako ameamua nini mpaka kiongozi wa utafiti akifungue. Unachokiona ni mstari wa kijani unaosogea, ukikuambia kwamba mwenzako yuko kazini.

Msomaji wa Kwanza, tena ndiye kiongozi, alikuwa Profesa.

Msomaji wa Pili alikuwa dada yake Siafu, mfamasia. Alikutwa chini ya ngazi za ofisi ile ile, shingo imevunjika. Kateleza, wakasema. Kompyuta yake haikuonekana tena.

Kateleza! Mtu aliyeshuka ngazi kwa kuuegemea ukuta kama kikongwe tangu yuko mtoto? Mama yao alipoambiwa alicheka. Toka siku hiyo hajacheka tena.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua. Kwingine ilikwisha kuua. Watu wa magendo walikuwa wameingiza shehena nzima na kuificha kwenye ghala ambalo Idara haikulijua. Alasiri hii bodi ya dawa ilikuwa inakaa. Profesa angeinua karatasi yake na kusema makala zote zinaisifu, marehemu hakuacha kazi yoyote ya maana, na jioni malori yangekuwa njiani kuelekea kila wodi ya wazazi.

Siafu hakugusa hata uamuzi mmoja wa dada yake. Zile alizoziacha bila kusomwa ndizo alizozifungua, na kila moja akaibonyeza Sina hakika. Yeye si mfamasia, na kazi ya dada yake asingeichafua. Alitaka mstari usogee tu.

Ukasogea.

Kwenye darubini, Profesa alikuwa ananyanyua kikombe dirishani pake. Kikombe kikaishia njiani.

Kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimeandika: Msomaji wa Pili yuko mtandaoni.

Chai yote ikaishia kwenye suruali.

Siafu akabonyeza tena. Sina hakika. Polepole, kama mtu anayesoma kwa makini. Dada yake ndivyo alivyokuwa akisoma, midomo ikichezacheza.

Kinasa sauti kidogo kama punje ya dengu, alichokibandika chini ya meza ya Profesa akijifanya mfagizi, kikamletea sauti sikioni. Profesa alikuwa anaongea na fundi wa kompyuta, simu kwenye spika.

"Wewe, nani kafungua akaunti ya marehemu?"

"Hakuna, Profesa. Labda kompyuta yake imewashwa huko iliko."

"Iliko wapi?"

"Jamani! Si nyie mlisema imepotea?"

Simu ikabamizwa. Mlango ukabamizwa. Profesa akatokea uani mbio, suruali imelowa, funguo mkononi.

Redio ikakwaruza.

"Siafu, anaelekea wapi?" Alikuwa Mkuu wake, yule yule aliyepiga simu, mtu asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua.

"Alikoificha. Anadhani washirika wake wameifungua wamgeuke."

"Mfuate. Usimguse." "Siafu. Hii kwako ni kazi au ni kisasi?"

Siafu akawasha gari.

"Nimekuuliza."

Akaingiza gia.

Prado ya Profesa ilipita taa nyekundu kama haioni. Noah ikapita nyuma yake. Prado ikakata kushoto, ikakwangua ukuta, ikaacha kioo cha pembeni kinaning'inia. Siafu hakuwa na haraka. Kidude cha kufuatilia kilikuwa kimenata chini ya bampa ya Prado tangu asubuhi.

Kiwanda cha magodoro. Nyuma yake, ghala.

Hilo hapo.

Alishuka, bastola aina ya Beretta mkononi, akajipenyeza katikati ya magodoro yaliyosimamishwa. Nyuma ya magodoro, maboksi ya dawa yalifika darini.

"Mmeifungua!" Profesa alikuwa akifoka. "Mnataka kunizunguka!"

Mwenye kiwanda, jitu la mashavu, lilikuwa linamtazama kwa huruma. "Profesa, leo umekunywa nini?"

"Ilete!"

Jitu likavuta droo, likatoa kompyuta ya marehemu. Nyeusi tii. Likabonyeza kitufe cha kuwashia, likabonyeza tena. Hakuna kitu.

"Chaji ilikwisha zamani. Haijawashwa toka uilete."

Profesa akakibonyeza mwenyewe. "Sasa... anasoma nani?"

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba," akaitikia, mazoea ni mazoea, kisha akageuka akaiona bastola.

Jitu likapeleka mkono kiunoni. Risasi moja ikapita katikati ya kiganja. Likakaa chini kama mzigo uliotupwa, linalia kwa sauti nyembamba usiyoitegemea kwa mwili ule.

"Weka makelele kando, baba. Tuna mkutano."

Siafu akaweka kompyuta yake juu ya boksi, akamsukumia Profesa kiti. Simu akaiweka kwenye spika. Upande wa pili, bodi nzima ilikuwa mezani. Mkuu ndiye aliyewaketisha, na kila mmoja alikuwa na programu ile ile mbele yake.

"Wewe ndiye kiongozi. Ingia, ufungue kitambaa."

"Binti, huelewi unachokishika. Hivi ni vitu vya kitaalamu..."

Mdomo wa bastola ukamgusa nyuma ya sikio, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Akafungua.

Makala zikajipanga. Upande wa Profesa, kila iliyotaja kifo ilikuwa nyekundu: Tupa, Tupa, Tupa. Upande wa dada yake zilikuwa za kijani. Chukua. Alizichukua zote.

"Soma," akasema Siafu.

"Wenyewe wanaziona..."

"Ulizitupa bila kuzisoma. Soma leo. Kwa sauti."

Akasoma. Mama mmoja, damu haikukata, akafa kabla hajamwona mwanawe. Wengine, wodi moja, juma moja.

"Naomba maji."

"Soma."

Akaendelea mpaka sauti ikampasuka, mpaka machozi yakamwingia mdomoni. Kisha mwenyekiti wa bodi, mama mtu mzima kwa sauti yake, akakohoa.

"Tumesikia. Dawa hiyo haiingii. Na huyo mtu mtuletee."

Kidole cha Siafu bado kilikuwa kwenye kifyatulio.

"Alipiga kelele?" akamwinamia. "Pale ngazini. Alipiga kelele?"

Profesa akatikisa kichwa. "Aliniambia tu... tufungue kitambaa pamoja."

Kidole kikakaza. Kikakaza tena. Nje, magari ya polisi yalikuwa yanafunga breki.

Akaishusha bastola. Risasi ingemmaliza mara moja, na huyu alistahili kuamka kila asubuhi ya miaka yake yote iliyobaki. Akaichukua kompyuta ya dada yake, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaipachika kwapani.

Akawapita polisi bila kugeuka. Redio ikakwaruza.

"Siafu. Yuko hai?"

"Yuko hai, analia."

"Vizuri. Kuna swali langu hujalijibu."

Alifungua mlango wa Noah, akaifunga kompyuta mkanda kwenye kiti cha abiria.

"Kisasi, Mkuu. Kazi nitaanza Jumatatu."