Nani Anafukua Mchungwa wa Godelieve?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Godelieve alifagia uwanja, akachota maji ziwani, kisha akaenda kuutazama mchungwa wake nyuma ya jiko. Ulikuwa mche mdogo wa majani tisa. Nyanya yake wa kijiji cha Lubondja aliukuza katika kopo, akamletea na kumwambia, "Huu ndio wa mwisho, sina mwingine. Nitarudi siku ya Pasaka nione kama unajua kulea."

Pasaka ilibaki wiki moja, na mchungwa ulikuwa unaonewa. Kwa siku tatu mfululizo Godelieve aliukuta udongo wake umechimbuliwa na kurudishwa ovyo. Majani mawili yalishanyauka. Roho ilimwuma sana. Ukifa huu, atamwambia nini nyanya?

Mtu wa kumshuku hakumtafuta mbali. Jirani yao Mukandori, mama aliyeshuka kutoka milimani na kuuza maziwa hapo mjini Baraka, alipita njia ile kila alfajiri. Tena juzi Godelieve alimwona akipangusa udongo mikononi. Udongo wa nini, kwa mtu wa maziwa? Basi akaacha kumwamkia. Akipewa maziwa yake, anayanusa kwanza. Hata kicheko cha yule mama alikiona cha hila!

Siku ya nne akajibanza kando ya jiko. Kweli, Mukandori akaja, akatua kibuyu chake, akainama kwenye mche.

"Nimekukamata!" Godelieve alifoka. "Mama, njoo! Anayeua muti yangu ni huyu!"

Mama yake, Marthe, alitoka mbio na mwiko mkononi. Mukandori wala hakukimbia.

"Mama Godelieve, mi nafunika mizizi tu," alisema. "Kila siku napita, nakuta iko wazi. Jua likiipiga itakauka."

"Uongo!"

"Nyamaza!" Marthe alimkemea. "Huyu ni kama mama yako."

"Tungoje basi," Mukandori akasema. "Anayefukua hajashiba. Atarudi."

Wakaingia jikoni wote watatu, wakachungulia. Haukupita muda, akaja mbwa wao wenyewe, mbavu zinahesabika, akachimba penye mche kwa miguu miwili. Akavuta kichwa cha samaki, akakitafuna kwa raha zake.

Marthe akamgeukia binti yake. "Godelieve, vile vichwa ninavyokupa kila jioni umpe mbwa, unavipeleka wapi?"

Kila jioni Godelieve alijibu, "Mbwa amekula, mama." Kumbe alivifukia chini ya mche! Aliona jinsi migomba inavyonawiri pale akina mama wanapooshea samaki, akataka mchungwa urefuke kabla nyanya hajafika. Aibu ilimshika, machozi yakamtoka.

"Nilidanganya, mama. Nisamehe. Na wewe, Mama Mukandori, nisamehe."

Mukandori alicheka kicheko chake kile kile. "Mutoto wewe, mbwa alifuata chakula chake! Nitakuletea samadi ya ng'ombe, ile ya zamani. Usiiweke kwenye shina."

Siku ya Pasaka nyanya alikuta majani saba ya zamani na moja jipya. Godelieve alimsimulia mwenyewe habari yote, bila kuruka kitu.

"Ulificha kosa lako," nyanya akasema, "halafu ukalitafuta mikononi mwa mwenzako. Muti utapona. Lakini kesho, jirani yako umwamkie wewe kwanza. Na huyo mbwa, jioni ale chakula chake mama yako akiona."