Maua ya Kaburi la Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Sekela alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia maua. Maua yenyewe hayakuwapo. Yalikuwapo majani tu, marefu, yamezunguka kaburi la mama mkwe wake.

Mama mkwe alifariki mwezi wa tisa. Alikuwa mtu wa kupenda maua. Ukoo ulikubaliana kusimika msalaba Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Padre angekuja kuubariki, na ndugu wangetoka pande zote. Siku ya kikao, Sekela alisimama mbele ya wakubwa akasema, "Kaburi la mama niachieni mimi. Mtakuta limejaa maua."

Hakuna aliyemtuma kusema. Alisema kwa uchungu. Yeye ni mtu wa Tukuyu, kaolewa na Kasian huku karibu na Tosamaganga. Mama mkwe alipougua, Sekela alikuwa kwao, ametoka kujifungua. Hakumuuguza. Basi msibani wifi yake Benedicta, anayeishi Idodi, alisema watu wakisikia, "Mkwe mwenyewe hakumpa mama hata maji ya kunywa." Neno hilo lilimkaa Sekela moyoni.

Mwezi wa kumi na mbili alikwenda dukani mjini. Muuzaji alimwonyesha pakiti nne za mbegu za rudibekia, maua ya njano yenye jicho jeusi, ndugu wa alizeti. Sekela alichagua kama anavyochagua mahindi. Alitaka aina ndefu kuliko zote! Yalipoota, akayawekea mbolea ya kukuzia iliyobaki shambani, tena mara mbili. Mahindi huipenda, kwa nini maua yasiipende?

Mwisho wa mwezi wa pili mvua ilikuja na upepo. Kesho yake kila shina lilikuwa limelala chini.

"Kasian, nimekwisha," Sekela alisema.

"Tununue maua ya plastiki," mume wake akajibu.

"Benedicta aje aone plastiki? Bora nirudi kwetu."

Alihesabu wiki kwa vidole. Kufika siku ya msalaba zilibaki tisa. Jirani yake, Bertha, akamwonea huruma. "Nenda Ipogolo kwa Danieli," alimwambia. "Ana kitalu cha miche pale barabara kuu. Yule maua anayajua."

Sekela alichukua shina moja lililovunjika, akaenda nalo.

"Kamwene, baba," alisalimia.

"Kamwene, mama. Mbona unalia na jani mkononi?"

Sekela akaeleza yote. Danieli alilitazama lile shina, akauliza, "Hapo kaburini jua linapiga?"

"Kutwa nzima."

"Upepo?"

"Mwingi. Tuko mlimani."

"Na unataka yachanue lini?"

"Baada ya Pasaka. Wiki tisa tu!"

"Hayo matatu ndiyo ya kujiuliza kabla ya kununua," Danieli alisema. "Wewe ulianza na urefu. Aina hii ni ya kudumu miaka mingi. Mwaka wa kwanza inajenga mizizi na majani. Maua yake ni mwaka kesho."

Sekela akakaa chini palepale. "Mwaka kesho?"

"Tena inapita kimo cha mtu. Inafaa kupandwa penye ukuta, na uiwekee miti ya kuegemea. Uliweka mbolea gani?"

"Ile ya kukuzia."

"Wee mama! Hiyo inaleta majani. Umeyanenepesha, yamelegea, upepo ukamalizia. Samadi kidogo iliyooza inatosha."

Akamwongoza kati ya mistari ya miche. "Aina hizi huchanua mwaka huohuo. Hii fupi, ya njano, haifiki gotini. Ipande pembeni. Hii inafika juu kidogo ya goti. Mingine inatoa njano na kahawia, mingine nyekundu iliyoiva. Ipande karibu na msalaba. Na hii ina jicho la kijani. Changanya michache, macho yapate kupumzika."

"Wiki tisa zitatosha?"

"Miche hii ina wiki sita tayari. Inataka wiki saba au nane nyingine, kama baridi haijabana. Ipande leo, mama, usingoje kesho. Acha nafasi ya hatua moja ndogo kati ya mche na mche, hewa ipite. Na siku ukipanda mbegu, usizifukie kama mahindi. Zitawanye juu ya udongo, uzigandamize kwa kiganja. Zinataka mwanga."

Sekela alinunua miche, akang'oa yale yaliyolala, akapanda jioni ileile. Wiki ya sita ilipita. Ya saba ikafika, hakuna ua. Akampigia Danieli simu. "Bado majani!"

"Inama, tazama katikati ya majani."

Aliinama. Akaona vitufe vidogo vya kijani, vingi. Hata hivyo aliendelea kuogopa. Ua la kwanza lilipofunguka alicheka peke yake. Kila lililokauka alilikata, kama Danieli alivyomwagiza, na mengine yakazidi kutoka.

Siku yenyewe ikafika. Benedicta alishuka kwenye gari, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kaburini. Sekela alibaki mlangoni mwa jiko.

"Sekela!"

"Abee, wifi."

"Njoo hapa."

Alikwenda. Njano ilikuwa pembeni, nyekundu na kahawia karibu na kichwa cha kaburi, na hakuna shina lililoinama.

"Nani alikufundisha kuyapanga hivi?"

"Nilikwenda kuuliza Ipogolo. Ya kwanza niliyaharibu, wifi. Nilidhani maua ni kama mahindi."

Benedicta alikaa chini, na gauni lake jeupe, juu ya udongo. "Mimi nilimuuguza mama miezi mitatu," alisema polepole. "Kila siku aliniomba nimtoe nje aone maua. Nikamwambia, mama, sina nafasi." Akapigapiga ardhi kando yake. "Kaa na mimi, mdogo wangu."

Sekela akakaa. Walilia wote wawili, wameshikana mikono. Padre alipofika na maji ya baraka aliwakuta hapo, akasimama kando, akawangoja.