Kikombe cha Hua wa Babu Karyo

Wening alimulika tochi ndani ya birika la bafuni, akasubiri kama alivyofundishwa. Kiluwiluwi wa mbu hujificha chini akiona mwanga, lakini lazima apande juu kupumua. Hakupanda hata mmoja.

"Hakuna," alisema. Ratri, mwenzake wa darasa la sita, akaweka alama kwenye kadi iliyotundikwa nyuma ya mlango. Sheria ya mji ilitaka kila nyumba ikaguliwe kila Ijumaa, na kamati ya afya iliwapa wanafunzi kazi hiyo.

"Haya, sasa kwa Babu Karyo," Ratri alisema huku akicheka. "Ijumaa iliyopita ulimsalimia hua wake kabla ya mwenyewe!"

Wening hakucheka. Hua wa Babu Karyo aliishi ndani ya tundu lililoning'inia juu ya mlingoti uani, na kwa kumheshimu mzee, watu wa mtaa walipunguza sauti wakipita chini yake. Kumwambia mzee, "Shusha hua wako nikague kikombe chake cha maji," Wening aliona ni utovu wa adabu. Kwa Ijumaa tatu, Ratri akikagua bafuni, yeye alikuwa amekunywa chai kibarazani, akaandika "hakuna," akaaga.

Leo mlango ulikuwa umefungwa. "Babu yuko hospitali," jirani aliwaambia. "Mjukuu wake, Laras, amelazwa tangu juzi. Homa ya dengi, ile ya mbu."

"Maskini!" Ratri alisema. "Na kadi yao safi wiki zote tatu."

Maneno hayo yalimchoma Wening kuliko lawama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwachia Ratri tochi, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Sumarni, mkuu wa wakaguzi, akamweleza yote huku ameinamisha kichwa.

Bibi hakufoka. "Umeniambia mimi," alisema. "Sasa kamwambie mwenyewe."

Jioni Babu Karyo alirudi kuchukua nguo za mtoto. Wening alisimama mbele yake, Bibi Sumarni akiwa nyuma. "Babu, nisamehe. Sikukagua kikombe cha hua. Niliandika uongo."

Mzee alifungua kamba, akashusha tundu polepole. Ndani ya kikombe viluwiluwi walikuwa wakijinyonganyonga.

"Nilijua hukagui," alisema. "Nikanyamaza, hua wangu asije akasumbuliwa. Aibu hii tugawane, mjukuu wangu." Akamwaga maji mchangani, akakisugua kikombe kwa vidole. "Laras leo ameomba uji. Daktari anasema homa inashuka."

Wening alilia.

"Hatujui ni mbu yupi aliyemuuma mtoto," Bibi Sumarni alisema. "Lakini kadi ile si ya kumpendeza mwenye nyumba. Mtaa mzima unalala ukiiamini. Mzee anaheshimiwa kwa kuombwa kwa adabu, si kwa kuandikiwa uongo. Leo tunaanza upya. Kila nyumba yenye tundu la ndege, tunashusha tundu."

Walipomaliza nyumba ya saba, adhana ya magharibi ilisikika. Zilibaki kumi na tatu. Mama wa nyumba ya nane aliita kutoka kibarazani, "Weka alama tu, mwanangu! Giza limeingia, na mimi unanijua."

"Samahani, Mama," Wening alijibu. "Nitakuja kesho asubuhi, nione mwenyewe."

Kwenye kadi ya nyumba ile, akaiacha nafasi ya siku hiyo wazi.