Hodi ya Mjomba

Asubuhi ile niliangalia joto la kabati mara mbili, kama kawaida yangu. Nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu. Humo ndani, kwenye sahani za plastiki zinazoenea kiganjani, tunakuza seli za watu wenye magonjwa ya kurithi ili tujue kosa limejificha kwenye jeni ipi. Wengi wa watu hao wako hai. Mmoja alikuwa ameshakufa, naye alikuwa mjomba wangu.

Maabara yetu inachunguza ugonjwa wa moyo kusimama ghafla. Mjomba, kaka pekee wa mama, alikuwa nao. Alipokuwa hai alitoa kwa hiari kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya dengu, nasi tukazigeuza seli za ngozi ile, hatua kwa hatua, mpaka zikawa seli za moyo. Wageni huwa hawaamini nikiwaambia kwamba seli za moyo zikikomaa hupiga zenyewe. Hakuna mwili, hakuna damu, lakini utando ule mwembamba unajikunja na kukunjuka chini ya darubini kama kitu kinachopumua. Za mjomba zilianza kupiga wiki moja baada ya mazishi yake.

Alifia mlangoni kwetu, alasiri. Mama alinisimulia mara moja tu. Asubuhi walikuwa wamegombana kwa sababu mjomba alikuwa hamezi dawa. Aliporudi aligonga kama alivyogonga maisha yake yote: mbili za haraka, kimya, kisha moja. Hodi hakuwahi kuitamka kwa mdomo. Mama alikuwa anakunja nguo, bado kanuna. Akajisemea, mwache agonge mpaka akome. Akagonga tena. Na tena. Kisha akaacha. Mama alipofungua, kaka yake aliangukia ndani.

Tangu siku hiyo, mlango wetu haufungwi mchana.

Asubuhi ninayoisimulia, mama alikuja maabara kutolewa damu. Tulitaka kujua kama naye ameirithi ile jeni. Sikulala vizuri wiki nzima. Bosi alikuwa amenikataza kugusa sampuli za ndugu zangu, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya mwenzangu tunayemwita Sindano, fundi wa kutoa watu damu huku akiwachekesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usiniumize."

"Nitakuumizaje wakati mshipa wenyewe umejificha kama mtoto aliyevunja kikombe?"

Mama alicheka. Damu ikapatikana. Akabana pamba kwenye mkono, akatazama kabati, akauliza kama mtu anayeulizia choo, "Kaka yangu yuko humo?"

"Mama, twende nyumbani," nilisema.

"Si ulisema mnaye? Nataka kumwona."

Sindano alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Ni seli tu, mama. Zinakula kutwa nzima na haziondoi hata sahani mezani."

"Basi ni yeye," mama alisema.

Sindano akatoa sahani. Chini yake kuna nyaya nyembamba zinazohisi kila pigo, na mashine huligeuza pigo hilo kuwa mlio kwenye spika. Nilizijua seli hizo. Zilipiga kama mtu anayekimbia na kandambili iliyokatika: haraka, kujikwaa, haraka tena. Ndivyo ugonjwa ule unavyosikika. Tulizisikiliza hivyo kwa muda, mama akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha mlio ukabadilika.

Tak-tak. Kimya. Tak.

Sindano aliipiga mashine kibao. "Waya umelegea."

Nilikagua waya. Haukuwa umelegea.

Tak-tak. Kimya. Tak.

Nilitaka kuizima. Mkono wangu ulikuwa umefika kwenye swichi. Mama aliiacha pamba ikaanguka sakafuni, damu ikamtiririka hadi kiganjani, naye hakuitazama. Alijibu kwa sauti ya mtu anayeitikia akiwa jikoni.

"Karibu, kaka. Ingia. Mlango uko wazi."

Mlio ukakoma. Hapo hapo, kama anavyoacha kugonga mtu aliyekwisha kuitikiwa.

Niliiweka sahani chini ya darubini. Seli zikifa huacha maiti. Zinabanduka, zinaelea kama makombo, na maji yanayozilisha yanaingia ukungu. Ndani ya sahani ile maji yalikuwa na rangi yake ya waridi, safi. Nilifuta lenzi. Nilibadilisha lenzi. Hapakuwa na kitu.

"Umezimwaga?" nilinong'ona.

"Nizimwage saa ngapi?" Sindano hakuwa anacheka tena. "Si umesimama hapa?"

Jioni hiyo mama alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu msibani. Alifunga mlango wa mbele, akageuza na ufunguo. Kisha nikamsikia jikoni akizungumza chini chini, akinyamaza, akicheka, akizungumza tena. Nilidhani yuko kwenye simu.

Simu yake ilikuwa mezani, mbele yangu.

Majibu ya damu yalitoka. Mama hakuwa na ile jeni. Niliyasoma nikiwa nimesimama, nikayarudia, kisha nikakaa chini nikalia kwa furaha. Moyo wake ulikuwa mzima. Hata hivyo, kwa kuwa mimi siridhiki upesi, nilimpeleka kwa daktari wa moyo, akavishwa kile kifaa kidogo kinachosikiliza mapigo kutwa nzima. Tulipokirudisha, daktari aliniita peke yangu.

"Kifaa hiki alikivaa mwenyewe muda wote?"

"Ndiyo, daktari. Sikutoka karibu naye."

Aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu. Mapigo ya mama yalikuwa yamepangika vizuri, moja baada ya jingine. Chini yake, kwa udogo, kulikuwa na mapigo mengine. Mawili yaliyokaribiana. Nafasi. Moja.

"Angekuwa mjamzito ningeelewa," daktari alisema. "Mama ana miaka mingapi?"

"Sitini na mbili."

Alizima kompyuta yeye mwenyewe. Hakuniuliza kitu kingine, wala hakuniambia turudi lini.

Nyumbani nilimkuta mama anakunja nguo. Niliketi karibu naye, nikamwuliza kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Mama, mjomba yuko wapi?"

Aliweka kiganja chini ya titi la kushoto, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Amepumzika. Alisimama nje muda mrefu sana."

"Mama, huyo ni marehemu."

"Najua. Mimi ndiye niliyemfungulia nimechelewa." Alilikunja shati, akalilainisha. "Ila analalamika humu pamebana. Mimi mzee, mwanangu, sina nafasi. Nimemwambia aje kwako."

"Umemwambia nini?"

Alichukua nguo nyingine.

Sikuisubiri siku ifuatayo. Niliingia chumbani, nikachukua kipimo changu cha kusikilizia moyo, nikakiweka masikioni, nikakibandika kifuani. Moyo wangu ulikwenda mbio, lakini ulikwenda sawa. Nilihesabu. Nilianza kutulia.

Ndipo niliposikia, nyuma ya mapigo yangu, mbali kidogo, kama upande wa pili wa ubao wa mlango.

Mbili. Kimya. Moja.

Nilivua kipimo. Nikakitupa kitandani.

Mbili. Kimya. Moja.

Koo langu lilikuwa limeshaanza kujibu. Nimelelewa hivyo, mtu akigonga, unaitikia. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili nikaikandamiza mpaka meno yakaumiza midomo.

Mama aliita kutoka sebuleni, kwa upole.

"Mwanangu, mgeni anagonga. Usifanye nilivyofanya mimi."

Mpaka leo sijamwitikia. Maabara siku hizi naongea kwa kuandika, na Sindano ameacha kuniuliza kwa nini. Nikisahau nikafungua mdomo kupiga miayo, kugonga kunaongezeka.

Jana nilipokuwa naoga niliona alama chini ya titi la kushoto. Ni nyeusi, za duara, kila moja ukubwa wa kifundo cha kidole. Haziumi. Ngozi ya juu haina hata mchubuko. Zimetokea kwa ndani.

Mbili zimekaribiana. Kuna nafasi. Kisha ipo moja.