Udongo wa Kichuguuni

Kila asubuhi kabla ya msimu wa mvua, Ruvarashe alisukuma toroli kutoka kichuguuni hadi shambani. Shamba la baba yake, nje kidogo ya mji wa Murewa, lilikuwa mchanga mtupu, na mchanga hauna shukrani. Ndiyo maana watu wa huko huchimba ubavu wa kichuguu, humwaga udongo wake shambani, kisha husubiri mvua. Kila mtoto alipewa sehemu yake. Ya Ruvarashe ilikuwa ya chini kabisa, karibu na kijito, na safari zile zilimchosha hata akayachukia mahindi ambayo hayajapandwa.

Siku moja akaona korongo kando ya kijito lenye udongo wa rangi ileile. Udongo ni udongo tu, alijiambia. Akamaliza sehemu yake kabla ya wengine, akasifiwa na nyumba nzima, na sifa hizo akazipokea bila haya.

Mvua ikanyesha, mahindi yakaota sawasawa shamba zima. Ruvarashe akashusha pumzi. Lakini yalipofika magotini, sehemu yake ikaanza kugeuka manjano. Upande wa binamu yake, aliyepakana naye, majani yalikuwa mapana, ya kijani kilichokolea; upande wake yalikuwa membamba kama kamba za viatu. Mpaka kati ya pande hizo ulinyooka kana kwamba umepigwa kwa rula.

Baba alisimama pale muda mrefu. Jioni, wakila sadza, ugali wa kwao, alimwambia mama kwamba mbegu alizozitoa kwa upande ule zilikuwa zimebunguliwa. Mama ndiye aliyezitunza mwaka mzima, zikining'inia juu ya moshi wa jikoni. Aliinama tu akakusanya sahani, Ruvarashe akiwa bado na tonge mkononi.

Kwao, neno zito la mtoto kwa baba hupitia kwa shangazi. Kesho yake Ruvarashe alimfuata Chihera, dada wa baba, aliyekuwa akipalilia karanga, akamweleza yote. Alitumaini shangazi atalibeba neno hilo na yeye abaki nyuma.

"Chihera mwenzangu," alisema shangazi, maana wanawake wote wa ukoo wao, unaojitambulisha kwa mnyama pofu, huitwa hivyo, "tunasemwa kwa mengi, lakini si kwa woga. Nitakaa nawe. Mdomo utakaosema ni wako. Kwanza twende."

Walikwenda kichuguuni. Ruvarashe alikuwa amepachimba siku nyingi bila kupatazama. Msitu wote wa kuzunguka ulikuwa wa miti ya misasa. Juu ya kichuguu hapakuwa na msasa hata mmoja. Palijaa mitohwe, ambayo watoto hutafuna matunda yake matamu ya kunata, na miti minene ya mishuma yenye kivuli kizito.

"Nani aliipanda hii?"

"Wenye nyumba," alijibu shangazi, akabandua kipande cha udongo. Mchwa wakamiminika kuziba tundu. "Wanashuka kusikofika jembe wala mzizi wa mahindi, wanapandisha rutuba kwa midomo. Babu yako alikikuta kichuguu hiki, na babu yake naye alikikuta."

Ruvarashe alimtazama mchwa mmoja mwenye donge la tope dogo kuliko punje ya ulezi. Kisha akainua macho hadi kileleni mwa mshuma. Mti ule wote, ndege waliokuwamo, hata mahindi ya binamu yake, vilitokana na donge kama lile. Mwili ukamsisimka.

Jioni shangazi alikaa kando yake.

"Baba, mbegu za mama hazina kosa. Mimi nilitia udongo wa korongoni."

Baba akamgeukia mama, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyonyooka, kama wanaume wa kwao wanavyoonyesha heshima, akamwomba radhi mbele ya watoto. Kwa Ruvarashe hilo lilikuwa zito kuliko fimbo.

Mahindi ya manjano waliyang'oa wakawapa ng'ombe. Ruvarashe akarudia kazi yote kwa udongo wa kichuguuni, bila kusukumwa na mtu, na mama akampa marando ya viazi vitamu apande. Marando yalipoifunika ardhi yote, Chihera alikuja kuyaona.

"Sisi ulitudanganya, tukakusifu," alimwambia. "Ardhi haijui kusifu, mwanangu. Huonyesha tu ulichoipa."